Ginhu, jinhu na mashine inayotaka jibu moja

Mvulana alifika kwenye duara la kwanza ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa *ji*. Msichana aliyekuwa analilinda duara lile akanyoosha mkono kumzuia.

"Hapa hakuna njia ya *ji*. Kuna *gi*. Rudi ulikotoka."

Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, kwenye kibaraza cha saruji nyuma ya shule moja ya sekondari huku Ilemela. Umeme ulikatika tangu asubuhi, kompyuta za shule zimelala, na sisi tumehamia nje na boksi la chaki. Tulikuwa tumechora maduara sakafuni, na mishale inayotoka duara moja kwenda jingine, kila mshale na herufi zake. Wanafunzi waliyaita vituo, kama vya daladala, na kila kituo kilikuwa na konda wake. Neno la Kisukuma linapandia mwanzo, kiambishi kwanza (kama *gi* au *ji*), halafu mzizi. Likifika kwenye duara lenye mistari miwili, limekubaliwa. Likikosa mshale njiani, linashushwa.

Yule mvulana hakushuka. Aliniangalia, akaniomba chaki, akachuchumaa, akachora mshale wake mwenyewe kando ya ule wa *gi*. Akauandikia *ji*. Akapita.

Wenzake wakamshangilia. Konda akasubiri kelele ziishe, kisha akauliza swali ambalo limekaa nami wiki zote hizi, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, na kila nikifungua ripoti yangu ya utafiti:

"Sawa, akija atapita. Lakini madam, mashine ikitakiwa kusema yenyewe, itasema ipi?"

## Nilichokuwa natafuta pale

Nasoma isimu, mwaka wa tatu, na kozi zangu za hiari karibu zote nimezichukulia idara ya kompyuta. Watu wa isimu wananiita mtu wa kompyuta. Watu wa kompyuta wananiita mtu wa lugha. Kwenye diskasheni za pande zote mbili mimi ndiye ninayetumwa kununua karanga.

Utafiti wangu ni kichanganuzi cha nomino za Kisukuma. Unakipa *banhu*, kinakujibu: kiambishi cha wingi cha ngeli ya watu, mzizi *-nhu*, maana yake mtu. Basi. Ukimweleza mtu wa nyumbani anakutazama kwa huruma. Lakini bila kitu kama hicho huwezi hata kutafuta neno kwenye matini, kwa sababu maneno yetu yanabadilika mwanzoni, na kompyuta iliyozoea lugha za Ulaya inatazama mwisho. Kiswahili kilifanyiwa kazi hiyo mapema: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya kichanganuzi chake mwaka 1992, akitumia mbinu ya ngazi mbili, inayolinganisha neno linavyoandikwa na viungo vyake vya ndani, iliyobuniwa na Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, mwaka 1983. Yaani watu wa nchi ya theluji walikaa chini wakaielewa *hawatanipigia* kabla sisi hatujafundishwa kuwasha kompyuta.

Kisukuma bado kinasubiri. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200. Kijaluo, jirani yetu wa mashariki ya ziwa, kimo. Kiganda cha kaskazini kimo. Lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania haimo. Ukubwa huo wenyewe hauna hesabu mpya, maana sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967.

Kuna tatizo lingine dogo. Mimi siyo Msukuma. Kwetu ni Ukerewe, nimekulia Igoma, na Kisukuma changu ni cha sokoni: kusalimia, kupatana bei, na kutambua kwamba nasengenywa. Kwa hiyo nilihitaji wasemaji. Rafiki yangu anayefundisha shule ile akaniambia kuna klabu ya TEHAMA inayokutana Jumamosi na haina mwalimu wa programu. Wao wafundishwe programu, mimi nipate lugha. Niliona ni biashara safi.

Habari za vibali sitazieleza. Barua ya chuo, barua ya mkoa, ya wilaya, ya mkuu wa shule, fomu za wazazi kwa kuwa watoto hawajafika miaka 18. Aliyepita huko anajua, asiyepita atajua.

## Mikono haikuinuka

Siku ya kwanza niliuliza nani anaongea Kisukuma nyumbani.

Kimya.

Hapa ni Mwanza. Ukitoka getini pale, anayekaanga mihogo anaongea Kisukuma, bodaboda wanataniana kwa Kisukuma. Lakini darasani hakuna aliyenyanyua hata kidole, na nilipomtazama rafiki yangu mwalimu akatabasamu tu, kama mtu aliyelijua jibu kabla ya swali. Ndani ya geti kinachotakiwa ni Kiingereza. Kiswahili chenyewe kina kipindi chake, nje ya hapo ni kosa. Kisukuma hakimo hata kwenye orodha ya makosa, ni kama hakitarajiwi kabisa. Juu ya hayo, Msukuma wa kwenye vichekesho ni yuleyule kila siku, mshamba aliyeshuka mjini na Kiswahili cha kuchekesha. Kijana wa kidato cha tatu hawezi kujitia kwenye picha hiyo mbele ya msichana wa dawati la mbele.

Nikaacha kuuliza. Nikaandika ubaoni *mu* na *gosha*, nikawaambia programu yangu inaviunganisha inapata *mugosha*, mwanamume. Kuna shida?

Darasa likaangua kicheko. "Ngosha!"

*Mu* na *kima*?

"Nkima!"

*Mu* na *ana*?

"Ng'wana!" Sasa walikuwa wanapiga kelele, na wale waliokaa kimya zaidi mwanzoni ndio waliopiga zaidi.

Nikawaambia kompyuta haijui kucheka, inajua kanuni. Nipeni kanuni. Hapo ndipo somo lilipoanza, na naweza kusema halikuwa langu tena. Walibishana karibu kipindi kizima. Wakakubaliana kwamba *mu* inabanwa inakuwa *n* mbele ya konsonanti, na ikikutana na vokali inageuka *ng'w*. Nilikuwa naandika hayo ubaoni kwa furaha, mwanafunzi mmoja akasema, "Na munhu je? Mbona hatusemi *nnhu*?"

Wakarudi kwenye ubishi. Wengine walisema ni neno la pekee, liachwe. Msichana mmoja akasema hapana, tatizo ni kwamba *nhu* ni fupi mno, silabi moja tu, ukiibana na *mu* neno linabaki halina mwili. Sikulitoa hilo kwenye kitabu, na wala yeye hakulitoa huko. Nimeliweka kwenye programu kama dhana ya kupimwa, na bado nalipima kwa mizizi mingine mifupi.

Nasema hivi kwa sababu vitabu vipo. Profesa Herman Batibo alieleza fonolojia na mofolojia ya Kisukuma, yaani sauti zake na muundo wa maneno yake, kwa kina mwaka 1985, kwa Kifaransa, kikachapishwa Paris. Ndicho msingi wa kila ninachofanya, na nimekisoma kwa kamusi na dua. Kabla yake Irvine Richardson alichapisha London, mwaka 1959, uchambuzi wa toni ya Kisukuma, kwa Kiingereza, na humo ndimo lilimo jambo lililonipa heshima ya muda darasani: kwamba kidatu cha juu cha mzizi kwa kawaida hakisikiki pale kilipo, kinasogea silabi mbili mbele, mara nyingine kinaangukia neno linalofuata. Niliwaambia wajisikilize. Walijaribu wao kwa wao, wakipiga meza kwenye silabi iliyopanda, na sura zao zilikuwa za watu walioambiwa wana kiungo mwilini ambacho hawakuwahi kukiona. Toni sikuiingiza kwenye programu. Ingekula mwaka mzima.

Msukuma anayetaka kusoma jinsi lugha yake inavyofanya kazi anatakiwa ajue kwanza Kifaransa au Kiingereza. Nimeliandika hilo kwenye utangulizi wa ripoti bila kuongeza neno, maana kila sentensi niliyoongeza ilikuwa malalamiko.

## Tuwatume wawili

Nilikuwa nimeandaa masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu, na picha za projekta, kuanzia vigeu mpaka vitanzi. Umeme ulipoanza kukatika Jumamosi baada ya Jumamosi, nikabaki na kile kisichohitaji umeme, yaani mashine yenyewe. Kichanganuzi changu kimejengwa hivyo hivyo kwa ndani: vituo, mishale, mwanzo na mwisho. Kompyuta inachoongeza ni kasi.

Siku moja tulikwama kwenye *ng'*. Neno linaloanza na *ng'* laweza kuwa *ng'wana*, ambamo ni kiambishi kilichogeuka, au *ng'ombe*, ambamo siyo ile *mu* kabisa. Mwanafunzi aliyeshika boksi la *ng'* kwenye duara la mwanzo hajui aende mshale upi. Herufi za mbele hajaziona bado. Akabaki amesimama.

Mmoja akasema, "Tuwatume wawili. Mmoja apite huku, mwingine kule. Atakayefika ndiye."

Chuoni jambo hilo tulifundishwa kwa alama za Kigiriki, na nililielewa usiku wa kuamkia mtihani. Waliolileta ni Michael Rabin na Dana Scott, kwenye makala yao ya 1959: mashine inayoruhusiwa kufuata njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mwaka uleule wa Richardson na toni zake. Najua ni sadfa, lakini nimeifurahia.

Rabin na Scott wana jina kwenye orodha yangu ya marejeo. Mtoto wa kidato cha tatu aliyefika palepale kwa miguu, juu ya saruji, ni "mshiriki M07". Fomu aliyosaini mzazi wake inasema jina halitatajwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iko nyuma ya fomu hiyo, na fomu niliiandika mimi mwenyewe. Naunga mkono kila mstari wake. Watoto wasianikwe. Lakini nimekaa na ripoti inayowataja kwa majina watu wawili wa mbali na kumpa namba mtu niliyemwona kwa macho yangu akifikiri, na sijapata namna ya kuandika shukrani inayonitosha. Yule aliyechora mshale wa *ji* ni M11. Msichana aliyeuliza swali ni M04.

Hapo ndipo ile biashara safi ilipoanza kuchafuka kidogo. Mimi nitapata shahada. Wao wamepata nini? Rafiki yangu mwalimu ananiambia nisijitese, wamejifunza kufikiri kwa mpangilio, na kwenye hisabati inaonekana. Huenda. Yeye ni mwalimu kweli, mimi ni mpita njia mwenye kinasa sauti.

## Daktari na mkutano wa Mombasa

Msimamizi wangu wa utafiti, tunayemwita daktari, nilimpelekea tatizo la *gi* na *ji*. Kwa wasiokijua: kile ambacho Kiswahili kinaita *kitu*, wengine wanasema *ginhu*, wengine *jinhu*. Tofauti hiyo inafuata lahaja: kaskazini ni *gi*, na mashariki, ambako kuna lahaja ambayo jina lake lenyewe ni Jinakiiya, ni *ji*. Yule mvulana wa mshale bibi yake yuko huko mashariki.

"Chagua lahaja moja," daktari akasema. "Iandike kwenye mipaka ya utafiti, sura ya kwanza. Malizia. Huu siyo utafiti wa shahada ya uzamivu."

Ni ushauri mzuri. Ningekuwa mimi ndiye msimamizi ningesema hivyo hivyo. Lakini sikulala vizuri, kwa sababu hapo nusu mbili za masomo yangu hazisalimiani. Isimu, tangu muhula wa kwanza, imenifundisha kwamba hakuna lahaja iliyokosea, kazi yako ni kuandika watu wanavyosema. Kompyuta imenifundisha kwamba ukiipa swali lilelile, inatakiwa ikupe jibu lilelile, na jibu liwe moja.

Swali la M04 lilinionyesha mahali hasa penye mshono. Mashine ya aina hii inafanya kazi pande mbili. Ukiipa neno, inalisoma na kukwambia limeundwaje. Ukiipa maelezo, "kitu, umoja", inakuundia neno. Upande wa kusoma ni mkarimu, unaweza kuongeza mishale hadi chaki iishe na hakuna anayeumia. Upande wa kuunda ndio wenye ugomvi. Hata ukiiambia iandike yote mawili, kuna litakalotangulia kwenye orodha. Weka mashine hiyo ndani ya simu, litakalotangulia ndilo litakalobonyezwa. Weka ndani ya kikagua tahajia, na yule ambaye neno lake halikuchaguliwa atawekewa mstari mwekundu chini ya maneno ya bibi yake.

Kuna wanaosema tusichague kamwe, na mimi huwa nawauliza wanadhani tunabishana kwa lugha gani. Mwaka 1928 watu walikaa Mombasa wakaamua Kiswahili sanifu kisimame juu ya Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia uamuzi huo. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye mashairi ya karne na karne, kikaambiwa kikae pembeni, ingawa mkutano umefanyika mjini kwake. Hilo lina uchungu hadi leo, na wenye uchungu wana haki. Lakini mimi Mkerewe wa Igoma naandika hapa nikieleweka Mtwara na Kisumu kwa sababu ya uamuzi ule.

Nyumbani kwetu kuna kisa kingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri. Mwaka uliofuata akafariki. Wazee wa Nansio wakimtaja huwezi kujua kama wanajivuna au wanasikitika, nadhani ni yote mawili. Kitabu kimesomwa na watu wengi kuliko ambavyo Kikerewe kingemfikisha. Na Kikerewe hakikupata kitabu chake.

Basi nikitafuta upande wa kusimama, siupati upesi.

## Mwaloni

Nikafikiri nimepata njia ya kati: lebo. Kila mshale utakuwa na lebo ya lahaja yake. *Gi*, kaskazini. *Ji*, mashariki. Mtumiaji achague anakotoka, mashine imsemeshe kwa lahaja yake. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikaliandika, likafanya kazi. Nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Kisha nikaenda Mwaloni Kirumba kurekodi.

Kama hujafika pale asubuhi, ni kelele, harufu na hesabu. Magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, wabeba mizigo wanapita wanapiga mluzi ili usigongwe, na katikati wanawake wamekaa na sado zao wakipima. Mama mmoja alinikubalia nikae kando yake. Nilimwamkia, nikamweleza shughuli yangu, akasema nirekodi nipendavyo mradi nisizuie wateja. Aliuza kama saa nzima. Mkono wake wa kulia unajaza sado, wa kushoto unatandaza juu kwa haraka ambayo jicho halifuati, anapunguza kidogo, anaongeza kidogo kwa maonyesho, na mdomo haujasimama. Alikuja mteja wa Misungwi, nikasikia *gi* inatiririka. Akaja mwingine wa mashariki anayechukua mzigo mkubwa, na mama yuleyule, bila hata kuvuta pumzi, akawa anasema *ji*. Bintiye alipita, akamfokea kwa Kiswahili. Kisha *gi* tena.

Watu walipopungua nikamuuliza, "Mama, mbona nimekusikia unasema vyote viwili? Kwenu ni wapi hasa?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inanyesha.

"Mwanangu, mimi nauza."

Darasani tulisoma habari za William Labov na wauzaji wa maduka makubwa ya New York, kazi ya 1966, matamshi yanavyopanda na kushuka kufuatana na hadhi ya duka. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini lebo zangu zilikuwa zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumkuta Labov amekaa na sado ya dagaa. Yule mama ningemwekea lebo ipi? Ya alikozaliwa? Ya mteja? Ningemlazimisha achague kituo kimoja kwenye orodha ya kushuka, yeye ambaye riziki yake iko kwenye kutochagua.

Usiku ule nikazifuta lebo zote. Mishale ikabaki mishale tu.

Nikakumbuka kwamba M11 alipochora wa kwake hakuandika ni wa wapi.

## Simu ni ya nani

Sasa, wanafunzi wao walikuwa na ajenda yao. Hawataki kichanganuzi. Wanataka kibodi ya simu. Wale wale ambao mikono haikuinuka wana kundi lao la WhatsApp linalochanganya Kisukuma na Kiswahili na vibonzo, na simu inawavuruga: inayageuza maneno yao kuwa ya Kiingereza kabla hawajayatuma. Wanataka kibodi inayowajua.

Nikawaeleza ugumu. Kisukuma kina vokali saba, simu inawapa tano, kwa hiyo *i* mbili zinaandikwa kwa herufi moja. Kuna wanaoandika *banhu*, kuna wanaoandika *bhanhu*, na hata humo darasani mtu mmoja huandika yote mawili kwa siku moja. Halafu nikarudisha swali la M04 mezani, maana lilikuwa bado langu: kibodi ikitaka kupendekeza neno, ipendekeze *ginhu* au *jinhu*?

Walifikiri kidogo. Safari hii aliyejibu ni M11, kwa sauti ya mtu asiyeona ugumu uko wapi.

"Ya mwenye simu."

Yaani kibodi ianze haijui kitu. Isikilize. Mwenye simu akiandika *ji*, ipendekeze *ji*. Akimwandikia shangazi wa Misungwi akabadilisha, nayo ibadilike. Na hilo linawezekana, kibodi za simu zinajifunza kwa mwenye nazo tayari. Mama wa Mwaloni angeitumia bila shida.

Nilitembea kutoka pale hadi stendi nikiwa mwepesi. Kwenye daladala wepesi ukapungua. Simu ina mwenyewe, sawa. Kitabu cha darasa la kwanza je? Tangazo la zahanati? Karatasi inasema kitu kimoja kwa watu wote wanaoisoma, haiwezi kumsikiliza kila mmoja kwanza. Siku Kisukuma kikiandikiwa vitabu vya shule, kama siku hiyo itafika, kuna watu watakaa mahali wachague, na kuna kina M11 watakaokuta mshale wao haupo. Sipingi wakae. Ninachokataa ni uchaguzi huo kufanywa kimyakimya na programu ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, asiye Msukuma, kwa sababu tu alitaka kumaliza sura ya nne kabla ya muhula kufungwa. Mombasa ya 1928 angalau ulikuwa mkutano. Watu walijua kuna jambo limeamuliwa, na wa kulaumiwa wanajulikana.

## Kilichoingia kwenye ripoti

Kichanganuzi changu kinasoma *gi*, kinasoma *ji*, kinasoma *ki* pia, kinasoma *banhu* na *bhanhu*, na hakimuulizi mtu anatoka wapi. Upande wa kuunda maneno nimeuzima. Zana niliyotumia inauwezesha wenyewe, ni amri moja tu, kwa hiyo mtu akitaka kuuwasha atauwasha. Nimeona afadhali auwashe akijua anachokifanya.

Daktari hajafurahi. Anasema mtahini wa nje ataona kazi nusu, na kwamba "mwenye kompyuta anataka jibu moja". Kuhusu mtahini anaweza kuwa kweli, na alama zitasema. Niliongeza kurasa mbili za kujitetea kwenye sura ya nne, akazipunguza zikawa moja na nusu, na kusema kweli zimekuwa bora.

Kilichobaki ni faili la maelezo linaloambatana na programu. Nimeandika kwa Kiswahili kwamba programu hii inasoma tu, haisemi, na sababu zake. Nikawaomba wanafunzi wanisaidie kuandika sentensi hiyo kwa Kisukuma. Walibishana nusu ya kipindi, hawakukubaliana, kwa hiyo ipo mara mbili. Daktari amezizungushia kalamu nyekundu zote mbili na kuuliza pembeni kwa nini nimerudia.

Tunaonana naye Alhamisi.